Ardhi Iliyoguswa na Tairi

Jinsi nilivyofika Kingojeo si habari ya kumchosha mtu. Nilifika baada ya kuizunguka nchi hiyo kwa saa tano nikiwa angani, na nilipokanyaga chini nilikuwa nimekwisha kuwajua abiria wenzangu wote kwa majina na kwa maradhi yao. Nitasimulia asubuhi moja tu kati ya zile nilizokaa huko, na sitatia chumvi. Mimi ni mkaguzi wa mizani niliyestaafu. Kwa miaka thelathini na minane nilizunguka masokoni nikikagua mawe ya mizani ya wachuuzi, na katika muda wote huo sikuandika hata mara moja kwamba kilo pungufu ni kilo kamili. Nilijivunia sana jambo hilo.

Kingojeo ni nchi ndogo ya watu wastaarabu. Ina uwanja mmoja wa ndege, na uwanja huo una njia moja ya ndege kuruka na kutua. Ndege za nchi zote za jirani hupita hapo, abiria wakashuka hii wakapanda ile, kwa hiyo anga ya Kingojeo haikosi ndege kumi au kumi na tano zinazozunguka zikingoja zamu. Kwamba uwanja umefurika, hakuna anayebisha. Wanachobishania ni dawa yake, na wamekibishania kwa miaka kumi na tisa.

Upande mmoja wanaitwa Wapanuzi. Hao wanasema bila njia ya pili jirani zao watawanyang'anya abiria wote, na vijana wa Kingojeo watabaki kupiga miayo vibarazani. Upande wa pili ni Watoshelezi. Wao wanasema kelele zilizopo zimekwisha kuwafanya kuku waache kutaga, na kwamba njia ya pili ikijengwa itajaa kama ya kwanza, kisha itatakiwa ya tatu. Niliwasikiliza wote kwa makini. Kila upande ulikuwa na haki yake, na ningekuwa na mzani wa hoja ningewaambia kwamba wametoshana nguvu.

Lakini wana sheria inayoitwa Sheria ya Unyayo. Inasema mtu haruhusiwi kutoa neno juu ya ardhi yoyote mpaka awe ameikanyaga wakati anaposema. Ilitungwa kwa nia njema, kuwazuia wakubwa wasigawe mashamba ambayo hawajawahi kuyaona. Matokeo yake ni kwamba Baraza la Uwanja hukutana juu ya njia ya ndege yenyewe. Kila asubuhi, jua likichomoza, wajumbe hamsini na wawili hupanga viti katikati ya njia, safu mbili zinazotazamana, na kujadili msongamano hadi kengele ya adhuhuri. Muda wote huo hakuna ndege inayotua wala kuruka.

Nilidhani kuna kitu sijakielewa. Nikamwendea Mwenyekiti wa Baraza, Mheshimiwa Shamte, mtu mpole mwenye sauti ya kubembeleza, nikamuuliza kama haoni kwamba nusu ya msongamano inatokana na kikao cha kuujadili.

"Bwana mgeni," akanijibu bila kukasirika, "zile ndege unazoziona juu ndizo ushahidi wetu. Tukiondoka zitatua. Zikitua, sisi tutajadili nini?"

Nilimtazama usoni nione kama ananitania. Hakuwa ananitania.

Juu ya sheria hiyo wakajiongezea desturi. Upande utakaoinuka vitini kabla ya kengele umekubali kushindwa. Watoshelezi wakiinuka, maana yake wamekiri kwamba njia moja haitoshi kwa viti na ndege. Wapanuzi wakiinuka, maana yake wamekiri kwamba njia moja inatosha, mradi watu wapishe. Kwa hiyo wamekaa wakikodoleana macho kwa miaka kumi na tisa, na nilielezwa kwa fahari juu ya mjumbe aliyefariki kitini saa tatu asubuhi na upande wake ukamshikilia wima hadi adhuhuri.

Mimi walinipa kazi. Kwa kuwa hawaaminiani, kila kikao sharti kiwe na Shahidi Mgeni, mtu wa kuja, ambaye akiulizwa nini kimetokea neno lake ndilo huandikwa kitabuni. Waliposikia nilikuwa mkaguzi wa mizani walifurahi kupita kiasi. Wakanivika mshipi mwekundu, wakaniwekea kiti pembeni, karibu na uzio wa waya upande wa mashariki.

Ng'ambo ya uzio huo ndiko kwenye kijiji cha Mwaniko, na huko ndiko nilikomjua Bi Hadia.

Watu wa Mwaniko hulima mpunga bondeni na huuanika kwenye uwanda mmoja mrefu, ulionyooka, ambao babu zao waliupigilia kwa nyundo za miti mpaka ukawa mgumu kama sakafu. Niliupima kwa macho siku ya kwanza, na sikuhitaji kurudia. Urefu wake ulikaribia sana ule wa njia ya ndege. Kila mtu Kingojeo alilijua hilo, na watu wa Mwaniko walilijua kuliko wote, kwa sababu ipo sheria ya pili, Sheria ya Tairi. Ardhi yoyote iliyoguswa na tairi la ndege inayotua, na Shahidi Mgeni akathibitisha, ni mali ya Uwanja milele, pamoja na nyumba zilizo kando yake.

Basi kwa miaka kumi na tisa watu wa Mwaniko hawakuuacha uwanda wao wazi hata siku moja. Penye mpunga waliuanika mpunga. Pasipo na mpunga walilaza magogo. Bi Hadia ndiye aliyekuwa msimamizi wa kazi hiyo. Alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye kanga iliyofungwa kibwebwe na ulimi usiomwogopa mtu. Kila asubuhi alikuja uziani kunisalimu, na kila asubuhi alinichokoza.

"Shahidi, leo umeona nini?"

"Viti, mama."

"Haya, viandike. Na mimi kesho nitakuletea mkeka uje ushuhudie unavyokunjwa."

Asubuhi ninayoisimulia, saa nne kasorobo, kipaza sauti cha mnara kililia katikati ya hotuba. Mnara huo ulikuwa chini ya msichana mmoja aliyeitwa Kidawa, mwongoza ndege, na kazi yake asubuhi ilikuwa kuziambia ndege zisubiri. Sauti yake siku hiyo ilikuwa imekauka.

"Waheshimiwa, samahanini. Kuna ndege ina hitilafu, imevuja mafuta. Abiria sitini na mmoja. Rubani anasema ana dakika ishirini na tano, basi. Naomba njia."

Nilitazama juu nikaiona. Ilikuwa chini kuliko nyingine, na nyuma yake ulitoka uzi mwembamba wa moshi mweupe. Nilishika saa yangu. Kengele ya adhuhuri ilikuwa mbali, zaidi ya saa mbili.

Mheshimiwa Shamte akauliza kwa upole kama upande wowote ungependa kuinuka.

Mjumbe wa Wapanuzi akasema tukio hili ni la kusikitisha na linaonyesha wazi hatari ya kuwa na njia moja, na angewaomba ndugu zake Watoshelezi wainuke kwa utu. Mjumbe wa Watoshelezi akasema naye anasikitika, na kwamba njia iko hapo, pana na nzuri, inatosha kabisa kwa ndege hiyo, ikiwa tu ndugu zake Wapanuzi watainuka. Wakapigiana makofi. Hakuna aliyenyanyua hata kisigino.

"Dakika ishirini na moja," akasema Kidawa.

Sikuweza kukaa. Nilikwenda hadi katikati ya safu nikasema kwamba mimi si wa upande wowote, niruhusiwe kuondoa viti kwa mikono yangu, wakiwa wamevikalia, kimoja kimoja, ili asionekane aliyeinuka. Karani Mkuu, Bwana Makame, mtu mwembamba aliyebeba kitabu cha kumbukumbu kifuani kama mtoto mchanga, alinirudisha mahali pangu kwa kunishika kiwiko. Shahidi, alisema, huona. Hagusi.

"Dakika kumi na saba. Waheshimiwa, mnanisikia? Kuna watu humo ndani!"

Nawaambia ukweli, wajumbe wale hawakuwa wakatili. Nilimwona mmoja akitokwa na machozi. Mwingine alikuwa ameshika kiti kwa mikono miwili kama anayeogopa miguu yake isije ikamsaliti. Kila mmoja alikuwa akimwomba Mungu kwamba mwenzake wa mbele awe muungwana kuliko yeye. Jasho liliwatoka wote, na hotuba ikaendelea.

Nikasikia naitwa. Bi Hadia alikuwa uziani, ameshika waya kwa vidole vyote kumi, na nyuma yake kijiji kizima kimesimama kimetazama juu.

"Hawainuki?"

"Hawainuki, mama."

"Mpaka kengele?"

"Mpaka kengele."

Akageuka akautazama uwanda wake. Mpunga ulikuwa umeanikwa mwanzo hadi mwisho, na kandokando yake zilikuwa nyumba, nilizihesabu siku nyingi, arobaini na tatu, na yake ilikuwa ya tatu kutoka kwenye mfereji. Kisha akanigeukia. Hakukuwa na mzaha usoni mwake.

"Shahidi, ikishuka huku, wewe watakuuliza."

"Wataniuliza."

"Utasema nini?"

 Nilitaka kumwambia jambo la kumtuliza, na kila nililolifikiria lilikuwa uongo kwake au uongo kitabuni. Miaka yangu thelathini na minane ilinikaa kooni kama mfupa wa samaki. Bi Hadia alingoja kidogo, akaona sitajibu, na hakuwa na dakika za kunipa.

"Toeni mpunga!" akapiga kelele. "Toeni! Msizoe, sukumeni tu! Magogo ya kule chini, wanaume, mbio!"

Mzee mmoja akamshika mkono. "Hadia, unajua unachofanya? Miaka kumi na tisa!"

"Ninajua, kaka. Niachie mkono."

Sijawahi kuona watu wakifanya kazi vile. Walisukuma mpunga kwa majembe, kwa mbao, kwa vikapu, kwa miguu, wengine kwa matumbo yao. Mpunga wa msimu mzima ulimwagwa mferejini. Wanawake waliburura magogo ambayo kwa kawaida huburutwa na ng'ombe. Kidawa aliyaona hayo kutoka juu ya mnara wake, na hakuuliza ruhusa ya mtu. Nilimsikia akimwambia rubani, na alisahau kuzima kipaza sauti kwa hiyo sote tulisikia, "Acha njia kuu. Tazama mashariki, kuna ardhi ya rangi ya udongo inafunguka. Ndiyo. Inafunguka sasa hivi. Njoo."

Dakika tano. Gogo moja lilikuwa limebaki, kubwa, watu wanane wakilisukuma nalo likibingirika kwa uvivu. Ndege ilikuwa imekwisha kushusha miguu. Nilishika waya na kusikia mkono wangu ukichanika, sikujali. Gogo lilitoka, mtu wa mwisho akaruka mferejini, na ile ndege ikapita juu ya paa la kwanza, ikagusa, ikaruka, ikagusa tena. Ilipiga mlio nilioufikiria kuwa ndio mwisho wa wote. Ikasimama hatua thelathini kabla ya nyumba za mwisho, moshi ukiitoka ubavuni.

Nililia. Sioni haya kusema.

Na hapo, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa, pande zote mbili za Baraza ziliinuka kwa pamoja kabla ya kengele. Wajumbe hamsini na wawili waliacha viti vyao na kukimbia, wakapita kwenye lango dogo la uzio, wakamwagika uwandani. Wanakijiji walikuwa wakiwashusha abiria kwa ngazi za darini na kuwakimbiza mbali na moshi. Wajumbe walipitana nao wakiwa wameinamia ardhi, wakitafuta alama za tairi.

Nyuma yetu njia ya ndege ilikuwa tupu kabisa, isipokuwa viti.

Walinisimamisha mbele ya mitaro miwili myeusi iliyochimbwa na matairi. Karani Makame akafungua kitabu. Wanakijiji wakasogea. Hata abiria, ambao hawakuelewa kitu, walisogea.

"Shahidi Mgeni," akasema Mheshimiwa Shamte, "je, ndege imetua hapa?"

Ndege yenyewe ilikuwa mbele yangu, kubwa kuliko nyumba kumi. Nilimtafuta Bi Hadia kwa macho. Alikuwa amepiga magoti chini, anamfunga mwanamke mmoja mkono uliovunjika kwa kanga yake, na hakunitazama.

"Haikutua," nikasema.

Ulikuwa uongo wa kwanza wa maisha yangu ya kazi, na nilishangaa ulivyokuwa mwepesi. Wajumbe wakaguna. Mheshimiwa Shamte akaniuliza kama nina hakika. Nikasema ninayo. Akaniuliza, basi iko wapi? Nikasema bado iko angani. Wajumbe kadhaa, kwa heshima ya sheria, walitazama juu.

Karani Makame hakubishana nami. Aliandika nilivyosema, akapuliza wino ukauke, kisha akafunua ukurasa mwingine na kusoma kwa sauti ile ile. Abiria wa ndege ambayo haijatua hawajafika. Ambaye hajafika hana ruhusa ya kukanyaga nchi, kupewa maji, wala kutibiwa ndani yake. Atakaa ndegeni mpaka itue.

"Warudisheni," akawaambia askari wa Uwanja waliokuwa nyuma yake.

Nilidhani ni vitisho. Lakini Kingojeo hawana vitisho, wana utaratibu. Askari waliwashika abiria mikono kwa adabu na kuwapandisha ngazi zile zile walizoshukia, kuelekea ule moshi ambao sasa ulikuwa umegeuka kuwa mweusi. Bwana mmoja mzee alipiga kelele kwamba ameacha dawa zake chini. Yule mwanamke wa mkono aliondolewa mbele ya Bi Hadia kabla fundo halijakazwa, kanga ikabaki inaning'inia.

Nilikuwa na nafasi ya kulirudisha neno langu. Naliandika hili ili lijulikane. Nilikuwa nimesimama mbele ya kitabu, nilikuwa na ulimi, na abiria wa kumi alikuwa akipandishwa, kisha wa kumi na moja. Nikajiambia, ngoja, huenda mtu mwingine akasema jambo. Nami nikangoja, nikiwa nimewatazama wajumbe, nao wakinitazama.

"Ilitua," akasema Bi Hadia.

Alikuwa amesimama. Magoti yake yalikuwa na udongo na makapi ya mpunga.

"Mama," nikasema, "nyamaza, tafadhali."

"Sinyamazi. Umenifanyia wema, Mungu akulipe. Lakini siwezi kuulalia." Akamgeukia karani. "Ilitua. Mimi mwenyewe niliwaambia watoe mpunga. Nimeona tairi na nimelisikia. Andika."

Karani Makame akamwuliza kama anaelewa kwamba mwenye ardhi akikiri mwenyewe, Shahidi hahitajiki tena na neno halirudi.

"Naelewa. Washusheni watu."

Karani akaandika. Askari wakageuza ngazi kwa adabu ile ile, na abiria wakaanza kushuka upya, wakiwa wamefika. Wa mwisho alipokuwa amepita mfereji, injini ilishika moto. Wanakijiji waliuzima kwa mchanga na kwa maji ya mfereji yaliyojaa mpunga wao. Sikusikia mtu akimlaumu Bi Hadia, wala sikusikia mtu akisema naye. Yule mzee ambaye Bi Hadia alimwita kaka alikwenda kukaa kizingitini mwa nyumba yake, akajifunika uso kwa kofia.

Wajumbe walikwisha kuanza. Mpanuzi mmoja alisema huu ndio ushindi waliouombea, na Mtoshelezi akamjibu kwamba njia hii mpya imepatikana bila kujengwa, kwa hiyo haihesabiwi. Mtu mmoja akatumwa kuleta viti.

Nilimsogelea Bi Hadia. Nilitaka kumwomba radhi kwa kutomjibu pale uziani, na kwa ile ngoja-ngoja yangu mbele ya kitabu. Alikuwa akiitazama nyumba ya tatu kutoka kwenye mfereji. Vijana wawili wa Uwanja walikuwa wakija kutoka upande huo na kamba ya kupimia, wakipigilia vigingi vya mbao ardhini kila baada ya hatua kumi, na karani akiwafuata nyuma na kitabu chake. Walipotufikia, yule mwenye nyundo alisimama. Alikuwa kijana mwenye heshima zake. Aliinamisha kichwa kabla ya kusema.

"Shikamoo, mama. Samahani, tunaomba usogee kidogo. Umesimama kwenye njia ya ndege."

"Marahaba," akasema Bi Hadia, na akasogea.